Wimbo wa Fidla Kwenye Gitaa

Kila nikitoka shule hupitia kibandani kwa babu, fundi viatu. Naweka mkoba chini ya meza, nafagia vipande vya ngozi, napanga visigino kwa ukubwa. Kazi ikiisha, babu ananawa gundi na kuteremsha fidla yake ukutani. Anapiga wimbo mmoja tu, usio na maneno, aliourithi kwa baba yake. Wimbo huo humsindikiza kila binti wa nyumba yetu siku anapoolewa.

Mimi nilikuwa na gitaa, tena nilikuwa na ugonjwa: ukiniuliza chochote, jibu langu lilikuwa "najua." Nyumbani waliniita Bi Najua, nami nikadhani ni sifa. Jamani!

Shangazi, kitinda mimba wa babu, alikuwa aolewe Jumamosi. Jumatatu babu akateleza bafuni na kuvunjika mkono wa kushoto, ule wa kubonyezea nyuzi. Alirudi kutoka hospitali amefungwa plasta mpaka vidoleni. Shangazi alimpa pole, akasema wimbo si lazima. Kisha akaingia jikoni na kufungua bomba kwa nguvu, na sote tukajua analia.

Nikamfuata. "Shangazi, nitaupiga mimi kwa gitaa."

"Unaujua?"

"Najua!"

Akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. "Umeniokoa, mwanangu. Dada zangu wote waliondoka na wimbo huo. Nilijiona kama natolewa kwa mlango wa nyuma."

Kweli nilidhani najua. Mwaka mzima nilitazama vidole vya babu nikavikariri kama jedwali la kuzidisha: cha kwanza, cha pili, cha tatu, hamia uzi wa pili. Nikajifungia chumbani. Kwenye uzi wa kwanza mambo yalikuwa safi. Nilipohamia uzi wa pili, lo, harusi ikageuka matanga! Nikarudia mara kumi, ikawa vilevile.

Jumanne hivyo, Jumatano hivyo. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Wimbo uko tayari." Shangazi akawa anawatangazia wageni kwamba atapigiwa na mtoto wa kaka yake. Kila nikimsikia, nilikimbilia chumbani kujaribu tena.

Alhamisi nikasimama mlangoni mwa kibanda cha babu, gitaa mgongoni. "Babu, siujui."

"Huujui nini?"

"Wimbo. Nimedanganya watu wote. Nitamwaibisha shangazi." Machozi yakanitoka.

Babu hakunikaripia. "Hebu piga."

Nikapiga. Alikunja uso kama aliyekanyaga msumari. Halafu akavitazama vidole vyangu, akaangua kicheko. "Kumbe! Unapiga fidla kwenye gitaa!"

Kwa mkono mzima akachukua chaki ya kuchorea ngozi, akachora mistari mezani. "Huu ni uzi wa re wa fidla. Unaofuata ni wa la. Imba, ukihesabu."

"Re, mi, fa, sol, la. Tano."

"Sasa gitaa lako. Uzi wa re, na unaoufuata."

Nikazigusa zote mbili, nikaimba. "Re, mi, fa, sol... Nne tu!"

"Basi ukihamia hapo unapungukiwa sauti moja nzima. Kila chuma shingoni mwa gitaa ni nusu ya sauti. Kwa hiyo ukivuka, songa mbele vyuma...?"

"Viwili!"

Nikavuka, nikasonga vyuma viwili. Wimbo ukatoka! Nilipiga kelele mpaka muuza matunda wa jirani akaja kuuliza kulikoni.

"Umeniambia mimi," babu akasema. "Mwenye harusi je?"

Nikarudi nyumbani. Nilimkuta shangazi anapiga pasi, nikamweleza yote. Akaisimamisha pasi. "Umeniudhi," akasema. "Ila ni afadhali nimeyasikia leo kuliko Jumamosi mbele ya watu. Nenda kafanye mazoezi." Nikafanya, siku ile na kesho yake, mpaka ncha za vidole zikawaka moto.

Jumamosi shangazi alitoka chumbani, nikaanza. Sehemu ya kuvuka uzi, kidole kikasita. Babu, aliyekuwa kando yangu, akaimba ile sauti taratibu. Nikaipata, nikaendelea. Shangazi akasimama mlangoni akisikiliza, wala hakuvuka kizingiti mpaka sauti ya mwisho ikaisha. Kisha akageuka, machozi yakimlengalenga, akasema, "Piga tena, mwanangu. Hawa wenye haraka wangoje."

Nikaupiga tena, safari hii bila kusita. Magari yalipoondoka, babu akanishika bega.

"Siku tatu ulisema unajua, hukupata hata sauti moja ya uzi wa pili," akasema. "Uliposema hujui, jioni moja ilitosha. Mjukuu wangu, kutojua hakumwaibishi mtu. Anayeuficha ujinga wako ni wewe mwenyewe, na ukiuficha, nani atakufundisha?"