Shimo Nyuma ya Jiko

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mounira aligeuza matofali. Baba yake, Hemedi, aliyafyatua jioni kwa kalibu ya mbao na kuyapanga uani, nayo asubuhi yalikuwa bado laini. Mounira aliyainua moja moja kwa viganja viwili, akayalaza upande wa pili ili yakauke bila kupasuka. Kisha alinawa, akavaa shati lake jeupe na sketi ya buluu, akakimbia. Hata anawe vipi, udongo mwekundu ulibaki chini ya kucha zake, na wenzake darasani waliuona.

"Mounira, leo mmekula nini kwenu?" Falone, aliyekaa naye dawati moja, alimwuliza. "Bugali ya udongo?"

"Nimekula nyumba yenu," Mounira alijibu. "Na bado sijashiba."

Dawati zima lilicheka, hata Falone mwenyewe, kwa sababu ilikuwa kweli. Matofali yale yalikuwa ya baba yake Falone, Zacharie, mfanyabiashara wa dhahabu aliyetoka Salamabila akaja kujenga hapa Kasongo, upande wa juu wa mji.

Siku hizi kila mwenye uwezo alitaka kujenga upande wa juu. Mounira na wazazi wake waliishi upande wa chini, katika nyumba aliyoiacha babu yake. Wakati wa babu, upande wa chini ulipendwa, maana maji ya kuchota yalikuwa karibu na udongo ulikuwa mzuri. Lakini mvua zilibadilika. Zilichelewa kuja, na zilipokuja zilimwagika kwa nguvu. Maji ya barabara na ya mabati yote ya juu yaliteremka kwa pamoja, yakachimba korongo. Kila mwaka korongo lilipanuka, likala vibanda, migomba, na mwisho nyumba za watu.

Hemedi alitaka kuhama. Kila baada ya mavuno ya mpunga alipanda juu kuuliza bei ya kiwanja, na kila mara alirudi kimya. Watu wa chini walikimbilia juu, na wenye dhahabu walijenga juu, kwa hiyo bei ilipanda kuliko mtu wa matofali anavyoweza kupanda.

"Tunauza udongo ili tununue udongo," alimwambia mkewe, Hawa, akijaribu kucheka. "Wa kwetu haupandi bei, wa kwao unapanda."

Tegemeo lao lilikuwa ushirika wa mabati. Kila familia ya mtaa ilipeleka beseni la mpunga wakati wa mavuno. Mpunga uliuzwa, yakanunuliwa mabati, yakawekwa katika stoo ya Mama Mwamvita, muuza vitenge ambaye alikuwa mkubwa wa ushirika. Nyumba ikianguka kwa mvua, mwenyewe alipewa mabati ya kuezeka upya. Zamani nyumba zilianguka mara chache. Sasa stoo ilikuwa ikikauka. Familia za upande wa chini ziliambiwa zilete mabeseni mawili badala ya moja, na Mama Mwamvita alitangaza sharti jipya: aliyechimba udongo karibu na korongo, nyumba yake ikianguka, hapewi kitu.

Hemedi alilisikia sharti hilo kwa masikio yake. Mwanzoni alichimba mbali, bondeni kwenye mashamba ya mpunga, lakini kubeba udongo hadi uani kulimchosha, na Zacharie alitaka matofali haraka. Kwa hiyo akaanza kuchimba nyuma ya jiko, hatua chache kutoka korongo, karibu na ua wa jirani yao Marie. Alilifunika shimo kwa makuti na hema kuukuu.

"Mtu akiuliza," alimwambia Mounira, "hilo ni shimo la taka."

"Na Marie?" Hawa aliuliza kwa sauti ya chini. "Shimo linaelekea kwake."

"Ni mpaka tupate kiwanja tu. Kisha nitalijaza."

Marie alikuwa mjane aliyeishi na watoto wake wawili wadogo. Alitengeneza mbabula za udongo, majiko madogo ya makaa, akayauza sokoni. Mara nyingi alimwita Mounira ukingoni mwa ua na kumpa hindi la kuchoma. Tangu shimo lichimbwe, Mounira alipoitwa alijifanya hasikii.

Mvua ilikuja mchana, wanafunzi wakiwa darasani. Ilipiga bati hata mwalimu akaweka chaki chini, kwa kuwa hakuna aliyemsikia. Watoto wa upande wa juu walichora vidoleni mwao kwa kalamu. Watoto wa upande wa chini walitazama mlangoni. Ilipopungua, Mounira hakungoja ruhusa.

Alimkuta mama yake amesimama nje na godoro kichwani, kuku waliofungwa wakiwa chini karibu naye. Jiko halikuwepo. Pale palipokuwa na shimo palikuwa na mdomo mpana wa korongo, na maji mekundu yalizunguka ndani yake yakilamba msingi wa nyumba. Baba yake alikuwa akitupa mawe na magunia ya mchanga, na kila alichotupa kilimezwa.

"Baba, toka hapo!" Mounira alilia.

Ukuta wa chumba cha kulala uliinama polepole, kama mtu anayesinzia, ukaenda na maji. Bati likafuata kwa kelele. Hakuna aliyekimbia kulizuia. Walisimama tu. Maji yaligeukia kushoto, yakaingia kwa Marie kupitia ule upande uliochimbwa, na nyumba yake nayo ikapasuka katikati. Marie alitoka na watoto wake mmoja kila mkono. Mbabula zake, zilizokuwa zikikauka kibarazani, ziliyeyuka zikawa matope.

Alipomwona Mounira anatetemeka, Marie alivua kitenge chake cha juu akamfunika mabegani.

"Usilie, mwanangu. Ni mvua tu. Hakuna aliyetukosea."

Maneno hayo yalimuumiza Mounira kuliko baridi.

Kesho yake alikuja shefu wa mtaa na kopo la rangi nyekundu. Alipiga alama juu ya kuta zilizobaki, maana yake watu wasijenge tena hapo.

"Tuende wapi, shefu?" Hawa aliuliza.

"Mama, nimeagizwa kupiga alama. Sikuagizwa kuwaonyesha mahali pa kwenda."

"Na mfereji wa barabara? Mlisema utajengwa upeleke maji mbali."

"Nimepeleka habari juu, kwa wakubwa wa serikali. Huko juu wananiambia nisubiri." Alijifuta rangi mkononi kwa jani la mgomba. "Na mimi nyumba yangu iko huku chini, mama. Ile pale. Nimeipiga alama mwenyewe."

Akachukua kopo lake, akaenda nyumba ya pili.

Baadaye walifika wa ushirika: Mama Mwamvita na mzee Abedi, fundi seremala. Majirani walisogea kusikiliza. Mama Mwamvita hakuzungusha maneno.

"Mabati yaliyo stoo yanatosha nyumba moja. Zimeanguka mbili. Kwa hiyo lazima tuulize." Alielekeza kidole kwenye ule mdomo wa korongo. "Hapa maji hayakujichimbia yenyewe. Kuna alama za jembe. Shimo hili iko la nani?"

Hemedi alitazama miguu yake. "Hapo palikuwa shimo la taka," alisema. "Mimi udongo nachimba bondeni. Watu wananiona."

"Kweli, nimekuona bondeni," mzee Abedi alikubali. Kisha akamgeukia Marie. "Basi mwingine anayehitaji udongo kila siku ni nani? Si wewe, mama wa mbabula? Shimo limeelekea kwako."

"Mimi?" Marie alishika kifua. "Wangu nachukua mtoni, mzee. Hata watoto hawa wanajua."

"Watoto wako watasema unalotaka."

Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akasema, "Ndiyo maana kwake kumepasuka hivyo." Marie alifungua mdomo, ukabaki wazi. Hakuwa na mume wa kumsemea, wala ushahidi, na alionekana kama mtu ambaye ameshazoea kutoaminiwa. Mama Mwamvita alikuwa akimtazama kwa masikitiko, na Mounira aliona kwamba uamuzi ulikuwa unakaribia.

Alimtazama baba yake. Alingoja. Alitamani baba aseme yeye, hata neno moja. Hemedi hakuinua macho.

"Ni letu," Mounira alisema.

Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Shimo ni letu, Mama Mwamvita. Matofali ya nyumba ya kina Falone yametoka humo. Mama Marie hakuchimba."

Hemedi alifunika uso kwa viganja, kisha akaviondoa.

"Mutoto anasema kweli," alisema. "Nilijua sharti, nikachimba. Nilifikiri nitahama kabla ya mvua."

Marie alimtazama. Hakutukana. Aliwashika watoto wake akaondoka, na kitenge chake kilibaki mabegani mwa Mounira.

Mabati alipewa Marie. Jioni ile, katika chumba cha madrasa walichoazimwa na msikiti, Hawa alikaa ukutani na kuku wake.

"Mutoto wangu," alisema bila kupaza sauti, "umetuvua bati."

Mounira hakuweza kula. Hemedi alisukuma sahani ya wali mbele yake. "Kula. Bati nimelivua mimi," alisema.

Lakini ukweli ule mmoja ulifungua midomo mingine. Siku iliyofuata jirani mmoja alimwendea Mama Mwamvita akasema kwamba naye ana shimo. Kisha wa pili. Ilionekana kwamba mstari mzima wa nyumba za chini umechimbwa kwa siri, kila mtu akijiambia kuwa shimo lake ni dogo, na kwamba maji yangeendelea kupita humo nyumba baada ya nyumba. Mama Mwamvita aliita watu wote, wa chini na wa juu. Walijaza mashimo kwa mawe na vifusi, wakapanda mianzi ukingoni ili mizizi yake ishike udongo. Zacharie alikuja na vibarua wake. Alisema atachimba shimo la kupokea maji ya bati lake huko huko juu. "Haya ya kwangu, angalau, hayatawashukia," alisema, naye hakuweza kuahidi kwa niaba ya wengine.

Marie alikuja madrasa siku chache baadaye. Alisimama mlangoni.

"Baba Mounira, nimekukasirikia. Bado nina hasira, nisikudanganye."

"Una haki, Mama Marie."

"Kaka yangu amenipa kipande cha shamba lake la karanga, mbali na korongo. Mabati ninayo, kuta sina. Wewe una mikono. Fyatua matofali, udongo utoke bondeni, si kwingine. Nyumba itakuwa na vyumba viwili. Kimoja mtakaa ninyi mpaka Mungu awafungulie."

Hawa alianza kulia. Hemedi alikubali kwa kichwa.

Mounira alichukua kile kitenge, kilichokuwa kimefuliwa na kukunjwa, akampa kwa mikono miwili.

"Mama Marie, kila uliponiita uani nilijifanya sisikii."

"Nilikuona," Marie alisema. "Nilidhani umekuwa mkubwa, umeanza kunidharau." Akamgusa shavu.

Jumamosi iliyofuata watu walirudi korongoni kupanda mianzi iliyobaki. Mounira alifanya kazi karibu na Mama Mwamvita, yeye akishika mche wima, Mama Mwamvita akikanyaga udongo. Mawingu yalikuwa yamekaa upande wa kijiji cha Lusangi.

"Mama Mwamvita, mianzi hii itazuia maji?"

"Kidogo. Mwaka ukiwa mzuri."

"Na mfereji?"

"Tutaendelea kwenda kwa shefu, na shefu ataendelea kwenda juu. Tusipokwenda watasema hatuhitaji."

"Na sisi tutapata bati lini? Na kiwanja?"

Mama Mwamvita aliacha kukanyaga. "Sijui, mwanangu. Ningeweza kukuambia mwakani, ukafurahi leo. Lakini sijui." Alijinyoosha mgongo, akawatazama watu waliokuwa wameinama ukingoni, Hemedi akiwa miongoni mwao. "Mvua hatuiwezi. Bei ya viwanja hatuiwezi. Tulicho nacho ni kusaidiana tu, na kusaidiana hakusimami mtu mmoja akimficha mwenzake hatari. Baba yako si mtu mbaya. Alibanwa. Lakini aliyebanwa akidanganya, humbana aliye dhaifu zaidi yake. Siku ile ungenyamaza, mabati yangekuja kwenu, Marie angebaki nje na jina baya, na sisi wote tungeendelea kulala juu ya mashimo tusiyoyajua. Kusema kweli hakukukupa nyumba, Mounira. Kumewapa watu nafasi ya kuwahi kuyaziba mashimo kabla ya mvua nyingine. Ulikumbuke hilo, hata siku utakapobanwa wewe."

Tone la kwanza la mvua lilimwangukia mkononi, kisha la pili.

"Leta mche mwingine," Mama Mwamvita alisema, na Mounira akakimbia kuuchukua.