Mikrogramu Hamsini

Duka la kutoa kopi lilikuwa limefurika watu kiasi kwamba karatasi ikikuponyoka huna hata nafasi ya kuinama. Mashine zilinguruma, hewa ikanuka wino wa moto, na feni ya darini ilizunguka kwa pupa kana kwamba imegombana na mtu. Feni hiyo ndiyo iliyoleta mambo. Ilizoa karatasi za msichana mmoja aliyekuwa karibu na kaunta, ikazirusha juu ya vichwa vya watu, na moja ikaenda kutua kifuani kwa kijana mrefu aliyevaa shati la buluu lililonyooshwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate.

Kijana hakuirudisha. Aliisoma kwanza.

"Kilogramu, hektogramu, dekagramu..." Akainua macho. "Deka? Kumbe siku hizi watu wanasomea kudeka?"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Kaka, nipe karatasi yangu."

"Nakupa. Ila ukishahitimu hiyo deka, unapewa cheti?"

"Napewa mume asiyeuliza maswali ya kipuuzi."

"Basi mimi nimefeli kabla ya mtihani."

Msichana alijitahidi kununa, midomo ikamsaliti. Alikuwa fundi cherehani, na gauni la zambarau alilovaa, lenye kola ndogo na vifungo vya mbao, alikuwa amelishona mwenyewe. Asubuhi alikuwa akihudhuria darasa la kemia ya mwanzo, kwani alitaka kuingia chuo cha ufamasia. Maisha yake yote alikuwa ameishi kwa inchi. Sasa alitakiwa kuishi kwa gramu na mililita, na kichwa kilikuwa kinagoma.

Walitoka pale wamepeana namba za simu. Kijana alikuwa na saluni ya kunyolea wanaume, mtaa wa pili tu kutoka kwa shangazi aliyekuwa akiishi na yule binti. Tangu siku hiyo yeye akawa Deka, naye kijana akawa Kinyozi, na majina yao ya kwenye vitambulisho yakabaki kwenye vitambulisho.

Kinyozi alikuwa akimpigia simu kila jioni kumhoji masomo.

"Kutoka kwako hadi nyumbani kwetu ni umbali gani?"

"Kilomita mbili na nusu, ukizunguka kwa barabara kubwa."

"Zigeuze ziwe milimita."

Deka alihesabu kwa vidole. "Milioni mbili na nusu."

"Unaona unavyonitesa, mpenzi? Milioni mbili na nusu! Na kila moja naihisi."

Deka alicheka mpaka shangazi yake akagonga ukuta. Kisha akanyamaza ghafla, kwa sababu nyuma ya sauti ya Kinyozi alisikia nyingine, ya mwanamke, ikiongea polepole na kwa heshima, kama mtu anayemkaribisha mgeni.

"Nani huyo?"

"Mama."

"Anaongea na nani?"

Kinyozi alishusha sauti. "Tupo wawili tu humu ndani, Deka."

*

Mama huyo alikuwa mgonjwa wa moyo. Tangu mumewe afariki alikuwa akiishi na mwanawe huyo wa pekee, nyumba ya vyumba viwili iliyo nyuma ya karakana ya vyuma. Jumamosi moja mchana Kinyozi alimpeleka Deka akajulikane. Deka alivaa blauzi nyeupe pe, sketi ndefu ya kijivu, na hereni ndogo asije akaonekana ana makuu.

Nje jua lilikuwa kali. Ndani mapazia yalikuwa yamefungwa yote. Mama alikaa kwenye kochi, mwembamba kama uzi, kanga imemfunika mpaka kidevuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umependeza na blauzi yako ya njano."

Deka alijitazama. Alimtazama Kinyozi. Kinyozi alitikisa kichwa kidogo: usibishe.

"Kila kitu siku hizi ni cha njano," mama aliendelea kwa utulivu, macho yakizunguka ukutani. "Huyu mwanangu, njano. Dirisha lina pete, kama mwezi unaotaka mvua. Na huyo uliyekuja naye mbona hamumpi kiti?"

"Nimekuja na mwanao, mama."

"Sisemi huyo. Nasema huyo aliye nyuma yako."

Deka hakugeuka. Nywele za shingoni zilimsimama moja moja. Kutoka karakana ilisikika nyundo ikigonga chuma, kisha nyundo nayo ikanyamaza, na katika ukimya huo mama akasogeza miguu yake, kama anayempisha mtu apite.

Kinyozi alichukua chupa ya dawa kabatini pamoja na kijiko cha chai. "Muda wa dawa, mama." Akajaza kijiko mpaka ukingoni, taratibu, mkono ukiwa imara kama anavyonyoa ndevu za mzee. "Kibomba chake cha kupimia kilipasuka," alimwambia Deka. "Lakini ni moja kila siku. Moja ni moja."

Mama alimeza, akafuta mdomo, akamtazama Deka usoni kwa mara ya kwanza. Akamwita kwa jina.

Hakumwita Deka, wala jina la kwenye kitambulisho. Alimwita kwa jina la utotoni, alilopewa na bibi yake mzaa mama, ambalo bibi peke yake ndiye aliyelitumia, na bibi alikuwa kaburini tangu Deka akiwa darasa la pili. Kinyozi hakuwahi kulisikia. Shangazi mwenyewe alikuwa hajui.

Deka alisimama. Mkoba ulianguka, akauokota, akasema kitu kuhusu shangazi yake, akatoka. Nje alijikuta anakimbia, viatu mkononi, juani, watu wakimshangaa.

*

Kinyozi alipiga simu. Deka aliitazama ikiita mpaka ikakoma. Angesema nini? Kwamba ameogopa mgonjwa? Siku ya tatu ujumbe uliingia: *Majirani wanasema mama yangu ana mashetani. Nilidhani wewe si jirani.*

Aliandika majibu, akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Maneno yalikataa kukaa vizuri, na kadiri alivyochelewa ndivyo kunyamaza kulivyozidi kufanana na kukubali.

"Umekonda," shangazi alimwambia. "Huyo kinyozi amekunyoa na mashavu?"

"Tumeachana, shangazi."

"Nani kamwacha mwenzake?"

Deka alikanyaga cherehani.

Wiki iliyofuata mwalimu wao wa kemia, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuuza samaki, aliwaagiza kila mmoja aje na kijiko cha nyumbani. Walivipanga juu ya meza ya maabara.

"Haya. Kijiko kimoja ni kiasi gani?"

"Kijiko kimoja!" darasa likajibu, likacheka.

"Ndivyo wajinga wanavyokufa," alisema mwalimu, na hakucheka. "Jazeni maji, mimineni kwenye silinda ya kupimia, someni mstari. Macho yawe sawa na maji, msisome kwa kuinama kama mnachungulia tundu la ufunguo."

Deka alijaza kijiko cha chai cha shangazi yake, akamimina, akapiga magoti mpaka jicho likawa sawa na maji. Mililita tano. Jirani yake alipata nne na nusu. Mwingine aliyeleta kijiko cha kulia wali alipata kumi na tano, na akabishana na silinda.

"Moja si kitu," mwalimu alisema akipita nyuma yao. "Moja ya nini? Mtu akikuambia moja, muulize: ya nini?"

Moja ni moja. Deka alisikia sauti ya Kinyozi waziwazi, kana kwamba amesimama pale kati ya meza. Aliiona chupa mkononi mwake, kibandiko kikiwa kimemwelekea Deka, kwa sababu siku ile, kwa hofu, alikuwa amekodolea kibandiko ili asiutazame uso wa mama: *mikrogramu 50 kwa kila mililita. Mililita 1 kwa siku.*

Akaandika haraka pembeni ya daftari. Tano mara hamsini. Mia mbili hamsini. Akagawanya kwa elfu: sifuri nukta mbili tano ya miligramu. Ilionekana si kitu, chembe ya vumbi. Alipoandika kiasi sahihi chini yake, sifuri nukta sifuri tano, ndipo tofauti ilipojitokeza. Mara tano. Kila siku.

"Mwalimu," aliuliza, "dawa ya moyo ikizidi, mtu anaweza kuona vitu kuwa vya njano?"

Mwalimu alimtazama. "Zipo dawa za namna hiyo. Kwa nini?"

Deka alikuwa ameshafika mlangoni.

Alimpigia Kinyozi simu njia nzima. Haikupokelewa. Alipoingia saluni, Kinyozi alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu ina msitu.

"Umepotea njia," alisema Kinyozi bila kugeuka.

"Kijiko unachompa mama ni mililita tano. Anatakiwa apewe moja."

Mashine ya kunyolea iliendelea kulia mkononi mwake, haigusi kitu.

"Unasema nini?"

"Nasema anapewa dawa ya siku tano kila siku. Ile njano ni dawa, Kinyozi. Twende nyumbani sasa hivi."

"Ulimkimbia mama yangu kama umeona jini." Aligeuka, macho mekundu. "Hukupokea simu. Leo unakuja mbele ya wateja wangu kuniambia namuua?"

"Nakuambia yu hai bado. Utanichukia baadaye, njiani ukitaka. Vua hiyo aproni."

Mteja alijifuta shingo. "Kaka, nenda," alisema. "Mimi nitavaa kofia."

*

Walimkuta mama amekaa kwenye kiti, ameelekea ukutani, anatabasamu. Vidole vyake vilikuwa baridi. Deka alimshika mkono, akatafuta mapigo ya moyo: yalikuja kwa uvivu, moja, kisha kimya kirefu kiasi cha kumfanya Deka adhani yamekoma, kisha jingine. Mama alikuwa ananong'ona, na kila baada ya maneno machache alinyamaza, akasikiliza, akaitikia "ehee."

"Mama!" Kinyozi alipiga magoti. "Mama, nitazame."

"Ngoja, baba. Mwenzangu hajamaliza kusema."

Walimbeba mpaka kwenye teksi, na humo Kinyozi akasema kibomba kilipasuka kama mwezi uliopita. Hospitalini daktari wa zamu aliuliza anatumia dawa gani, kiasi gani. Deka ndiye aliyejibu: mikrogramu mia mbili hamsini kwa siku badala ya hamsini, tangu kibomba kipasuke, kama mwezi hivi. Daktari aliandika, akaita wauguzi, na pazia la kijani likavutwa.

Walikaa kwenye benchi. Kinyozi aliitazama mikono yake kama vitu alivyookota.

Mama hakufa. Dawa ilisimamishwa, moyo ukachungwa kwa mashine, na kadiri siku zilivyopita rangi ile ya njano ikaondoka machoni pake kidogo kidogo, kuanzia ukutani hadi kwenye nyuso za watu. Daktari alieleza kwamba yote hayo, pete za mwanga, maruweruwe, kuongea na wasioonekana, hutokana na dawa hiyo ikizidi mwilini. Deka aliitikia. Alishukuru. Kisha alipobaki peke yake na mama akauliza.

"Mama, lile jina uliloniita siku ile. Ulilitoa wapi?"

Mama alikuwa ameketi vizuri, macho maangavu, anamenya chungwa. Hakuwa na homa wala usingizi.

"Nilitajiwa na yule bibi uliyekuja naye," alisema kama anayezungumzia mvua. "Mfupi, ana kovu la zamani hapa." Akagusa nyusi yake ya kushoto. "Alisema wewe ni mwoga, ila huwa unarudi. Kula chungwa, mwanangu."

Deka alilipokea chungwa. Bibi yake alikuwa na kovu kwenye nyusi ya kushoto. Hakumwambia daktari, hakumwambia mwalimu. Hata shangazi yake hakuweza kumwambia.

*

Mama alirudi nyumbani, mapazia yakafunguliwa. Lakini Kinyozi hakupiga simu. Deka alisikia kwamba saluni inafunguliwa nusu mlango, kwamba ananyoa kwa mashine tu, wembe hashiki.

Alikwenda mchana, amevaa gauni jipya la kijani lenye shingo pana. Saluni ilikuwa tupu. Kinyozi alisimama mbele ya kioo akifagia sakafu safi.

"Deka." Aliuegemeza ufagio ukutani. "Sikujua nikupigie niseme nini. Nilikuwa namwekea mdomoni kwa mkono huu. Nilikuwa namwambia, kunywa mama, upone."

"Najua. Nilikuona."

"Kungekuwa na mtu mwingine wa kulaumu ningelala."

"Ungelala, lakini ungekuwa mwongo." Deka alikaa kwenye kiti cha wateja, akakusanya nywele zake juu. "Mapenzi hayakupungua. Kilichokosewa ni kipimo. Ninyoe vinyweleo vya shingoni."

"Mkono unatetemeka."

"Naona. Chukua wembe mpya."

Ilichukua muda. Alisikia karatasi ya wembe ikichanwa, povu baridi, kisha ncha ya chuma ikigusa pale chini ya kisogo na kusimama. Kiooni Deka alimwona amefumba macho, akayafumbua. Wembe ukaanza kushuka, mstari mmoja, mwembamba, wa pili, wa tatu. Kufikia wa nne mkono ulikuwa umetulia.

"Nataka kukuoa," Kinyozi alisema kwa sauti ya chini, macho kwenye shingo yake.

"Unamposa mtu aliyeinamisha kichwa, huku umemshikia wembe?"

"Nikingoja kidogo nitaogopa tena."

"Nilipokukimbia niliogopa na mimi. Na nitaogopa tena siku nyingine."

"Utarudi?"

Neno hilo la bibi yake lilimpitia Deka mwilini kama maji ya kisima.

"Nitarudi," alisema. "Lakini chuo kwanza mwaka huu, harusi baadaye. Na uje kwa shangazi na mama yako, umevaa lile shati la buluu, uniombe kwa adabu, bila utani."

"Bila utani hata kidogo?"

"Kidogo sana."

Kinyozi alifuta povu kwa taulo ya uvuguvugu. Kisha akaenda mlangoni, akausukuma wote mpaka ukagonga ukuta, na yule mteja wa kofia, aliyekuwa akichungulia kwa siku nyingi, akaingia akivua kofia.