Ruwaza Aliyomfundisha Mwenyewe

Geti la kituo cha treni lilimgomea mwalimu asubuhi hiyo, umati ukimsukuma kwa nyuma. Kijana mmoja, shati lake la bluu limenyooka kwa pasi, akanyoosha mkono na kumgongeshea kadi yake.

"Ahsante," mwalimu akasema. "Mashine hii ina hali mbili tu, kufungwa na kufunguka. Haikumbuki kingine."

"Ina raha kuliko mimi. Mimi sura yako sitaisahau hata nikitaka."

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Mwalimu akacheka, na namba ya simu akatoa.

Yeye alifundisha nadharia ya kompyuta chuoni. Kijana alikuwa fundi wa mitandao. Kila jioni simu ililia. "Ticha wangu, leo unanifunza nini?" Naye akamfunza ruwaza, yaani mstari mfupi unaoiambia kompyuta maneno gani iyakamate na yapi iyaache.

"Ukiandika *(m|wa)penzi*, kile kijistari cha katikati ni 'au'. Inakamata mpenzi, inakamata wapenzi."

"Mimi nimeshakamatwa, hata bila kijistari."

Mwalimu alipoomba udhamini wa kusoma ng'ambo, wa kwanza kuambiwa alikuwa fundi. "Mungu akujalie, mpenzi," akasema.

Majibu hayakuja. Wenzake walioomba pamoja naye wakaanza kuaga. Mwalimu alilia mpaka kola ya fundi ikalowa, na fundi naye machozi yakamtoka. "Waliokukosa ndio wamepata hasara, roho yangu." Siku chache baadaye akaleta pete. Mwalimu akaipokea, na mama yake akaanza kutafuta ukumbi.

Harusi ikiwa imekaribia, mkuu wa idara alimsimamisha kwenye ngazi. "Mwanangu, mbona ile nafasi uliidharau? Wanasema wamekuandikia zaidi ya mara moja, hujibu."

Mwalimu alirudi ofisini. Akafungua mipangilio ya barua pepe yake, ile aliyomwachia fundi airekebishe kompyuta ilipomsumbua. Palikuwa na chujio asilolijua: barua yoyote yenye *(u|m|wa)dhamini* ifutwe kabla haijaonekana. Hakuna aliyehitaji kumweleza maana yake.

Akapiga simu ng'ambo. Wakamjibu kwa upole kwamba nafasi imeshapewa mwingine, aombe tena mwakani. Ndipo akamwita fundi.

Fundi aliiona skrini, akakaa bila kukaribishwa. "Niliogopa. Ungeenda, usingerudi kwangu."

"Ungeniomba nisiende."

"Ungekubali?"

"Sijui. Sasa sitajua kamwe."

"Ticha, nilifanya kwa mapenzi."

"Usiniite hivyo." Akaivua pete, akaiweka mezani upande wa fundi. "Nenda."

Fundi alisimama mlangoni kitambo, kama anayesubiri kuitwa, kisha viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi. Mwalimu akampigia mama yake.

"Mama, waambie wa ukumbi watusamehe. Harusi haipo."

"Makubwa. Ana mwanamke mwingine?"

"Hana."

"Alikupiga?"

"Hapana, Mama." Akaeleza habari ya barua zilizofutwa. Mama alisikiliza, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama kweli haya hayasameheki, maana watu hukosa kwa kupenda.

"Barua labda ningesamehe," mwalimu akasema. "Lakini siku ile nililia, Mama, na yeye akalia na mimi."