Kiganja Upande wa Nje

Mkaguzi wa majengo alipopanda ghorofa ya tatu ya maktaba mpya, alimkuta binti wa kaka yake amepiga magoti, anasugua ukingo wa kioo kama mtu anayegombana nao.

"Haitoki, shangazi," binti alisema. "Tangu asubuhi nasugua. Sabuni nimetia, spiriti nimetia."

Ilikuwa alama ya kiganja, vidole vimetanuka. Mkaguzi akainama, akapitisha ukucha juu yake, ukucha ukateleza. Alama ilikuwa upande wa nje, na huko nje hapakuwa na pa kusimama. Roshani ilizunguka uwazi mkubwa uliopasua jengo katikati, na chini kabisa palikuwa na sakafu ya marumaru ya ukumbi.

"Mafundi hao," akasema. "Waliiacha wakati wanapachika."

"Jana haikuwepo. Na siyo moja." Binti akanyoosha kidole. Viganja viliandamana kioo kwa kioo, vikielekea pale ilipowekwa meza yake ya kazi.

Mkaguzi hakuwa mtu wa kuogopa madoa. Kilichomtia wasiwasi ni kioo chenyewe. Kaka yake, mkandarasi wa jengo lile, alipotokea na tabasamu lake la kuombea saini, mkaguzi alikuwa ameshakagua ukingo wote.

"Kaka, hiki ni kioo kimoja kitupu."

"Kimepikwa kwa moto hicho, mdogo wangu. Kipige hata teke."

"Ugumu wake naujua. Siku kikivunjika kinageuka punje, zinamwagika zote, na aliyekiegemea anabaki ameegemea hewa. Nilikwambia viwe viwili, vimegandishwa kwa utando katikati, ili vikipasuka vibaki palepale. Na juu kuwe na reli ya kushika iliyobebwa na nguzo zake yenyewe. Reli iko wapi?"

"Ingeharibu sura ya jengo. Wiki ijayo wageni wanakuja kufungua. Wewe tia saini, mengine tutamalizia."

"Mwanao ndiye atakayekaa hapa kila siku."

Kaka akatazama pembeni. "Usinitie mkosi," akasema, akashuka.

Binti naye akachukua ndoo, akateremka kubadilisha maji. Mkaguzi akabaki peke yake kwenye mwanga wa adhuhuri, na ndipo harufu ikampata, harufu ya maji yaliyolala muda mrefu kwenye kisima kilichofunikwa. Kitu kikagonga kioo taratibu, kama mtu anayebisha hodi hali akijua mwenye nyumba yumo.

"Shangazi."

"Abee," akaitika bila kufikiri.

"Shangazi, sogea uone."

Ilikuwa sauti ya binti, lakini laini kupita kiasi, sauti aliyokuwa nayo alipokuwa mdogo na anataka kubebwa, nayo haikutoka kwenye ngazi bali mbele yake, kule kwenye uwazi, na miguu yake ikaifuata kabla akili haijakataa, hatua kwa hatua, mpaka akawa amesimama mbele ya ile alama na kuona kwamba sasa ni viganja viwili, na kwamba ngozi ya viganja hivyo imepauka katikati kama inavyopauka ngozi ya mtu anayekandamiza kitu kwa nguvu zake zote, naye, asijue kwa nini, akainua mkono wake akaulaza juu ya kiganja kile ili aone kama vinalingana, kioo kikiwa na joto la mwili, kikimjia kifuani na kurudi, kikija na kurudi, kama kinapumua.

"Shangazi, unaongea na nani?"

Binti alikuwa nyuma yake, ndoo mkononi. Mkaguzi alishtuka, na palepale kioo kikalipuka. Hakikupasuka, kilimwagika chote kwa mkupuo mmoja, na mwili wake ukafuata. Binti akatupa ndoo, akamdaka nguo kiunoni, wote wawili wakaanguka chali. Punje zilinyesha kwenye marumaru kule chini kwa muda mrefu. Zilipokwisha, ukasikika msonyo kwenye ule uwazi, msonyo wa mtu aliyekosa kitu kwa kidogo tu.

Kaka alipanda mbio. Aliona pengo, akamwona mwanawe bado ameng'ang'ania nguo ya shangazi yake, akaketi kwenye ngazi. Kesho yake ni yeye mwenyewe aliyemleta mganga.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo, na alifika juu akihema. "Mnajenga marefu, halafu mnaniita mimi na magoti haya," alinung'unika. Akafukiza ubani. Moshi ulienda hadi kwenye pengo, ukasimama wima kama umekuta ukuta.

"Unataka nini?" akauliza.

"Waegemee," sauti ikajibu. Ilikuwa sauti ya kaka, na kaka alikuwa amesimama pale, mkono umeziba mdomo wake.

"Ondoka."

"Hii ni njia yangu. Waegemee tu."

Walivutana hadi jasho likamlowesha mganga kanga. Mwishowe akafungasha vitu vyake. "Alikuwepo kabla ya msingi," alinong'ona. "Kumtoa siwezi. Nimemfunga abaki upande wake. Lakini mpaka wenyewe mtaujenga nyinyi, na msiujenge kwa ujanja."

Kaka aling'oa kila kioo. Akaleta vya tabaka mbili vyenye utando, akasimamisha nguzo za chuma na reli, wala hakulalamikia gharama. Siku ya jaribio mafundi walining'iniza mfuko mzito wa mchanga kwa kamba, wakauvuta nyuma, wakauachia. Ukakipiga kioo kwa kishindo kikubwa. Kioo kikatetema, kikashika.

"Turudie?" fundi mmoja aliuliza.

Kabla hajaugusa mfuko, kioo kilipigwa tena, palepale, kutoka upande wa nje. Nyufa zikakimbia kioo kizima. Kikapigwa tena, kwa nguvu zaidi, kikavimba kuwaelekea, na binti akamshika baba yake, na baba akashika reli kwa mikono miwili. Reli haikucheza. Hakuna kipande kilichodondoka. Kisha pakanyamaza, ikabaki ile harufu ya kisima.

"Utatia saini?" kaka aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ukingo umefaulu," mkaguzi alisema. "Ila watu hawapandi huku."

Maktaba ilifunguliwa kwa ghorofa za chini, ngazi ya juu ikafungwa kwa geti. Hakuna fundi aliyekubali kukitoa kioo kile, kwa hiyo mkaguzi hupanda mwenyewe kukitazama. Kila akienda nyufa zimeongezeka, hata kimekuwa cheupe kama maziwa, na utando bado unashika. Pamebaki sehemu moja tu isiyo na ufa, safi kabisa, ukubwa wa uso wa mtu. Siku hizi anakikagua kutoka ubavuni, na hapiti mbele ya sehemu hiyo.