Kibao cha Mkia

Yaliyomkuta rafiki yangu Roswitha alinisimulia mara moja tu, na hataki kuyarudia.

Klabuni kwetu, kwenye milima ya Rhön huko Ujerumani, turukapo na ndege zisizo na injini, hakuna anayeruka kabla ya kukaguliwa: wewe unakaa ndani unasukuma usukani, mwenzako nje ameshika kwa nguvu kibao cha mkia kinachoendeshwa na usukani huo, akiridhika anapaza sauti, "Kimekaza!" Ukikosea, unaandika daftarini ili wengine wajifunze.

Wendelin alipoanguka na ndege yake na kufa, Joachim, aliyekuwa naye kama chanda na pete, aliandika humo: "Alikataa nimkague."

"Wendelin?" Roswitha alimvaa. "Aliyekuwa akitukagua sote mpaka tunakereka?"

"Bibie, marehemu hasemwi."

"Uliyemsema ni wewe!"

Joachim akageuza uso. "Hebu kalete kamba bandani."

Bandani kulikuwa kiza. Roswitha alikuwa akipapasa ukutani aliposikia nyuma yake: ko, ko. Kimya. Ko, ko. Kwa mwanga hafifu wa mlangoni aliona: kwenye mkia wa ndege ya Wendelin, uliolazwa juu ya matairi, kibao kilikuwa kikipanda na kushuka.

Akakishika kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa. Kikamsukuma juu, kikamsukuma chini, kisha kikatulia, kama mtu aliyeuliza iwapo kimekaza na hajajibiwa.

Kwa vidole akaifuata fimbo ya chuma inayokwenda kwenye usukani. Iliishia hewani. Kiti na usukani wachunguzi walikuwa wamevichukua wiki iliyopita.

Kibao kikamsukuma tena.