Taja Rangi Mwenyewe

Jua lilikuwa linazama Anatoli alipofika mtaa wa Kambarage, kwenye karakana ya Theonest, fundi rangi. Mwaka ule wa themanini na saba rimu za alumini zilikuwa kitu cha wenye nazo. Shinyanga nzima ungezihesabu kwa vidole. Kaka yake Donatus, mwenye shimo la dhahabu kule Rwamgasa, alikuwa amempa zake nne azifunge kwenye Pijo, gari lake la abiria. Zilishanyooshwa na kupigwa msasa. Kilichobaki ni rangi.

"Nenda ukachague mwenyewe," Donatus alimsisitiza. "Utaje kwa kinywa chako."

Anatoli hakuona ajabu. Tangu baba yao afe, Donatus ndiye aliyemlea, akamfundisha kuendesha gari, akamtolea hata ng'ombe wa mahari.

Rimu zilikuwa zinaning'inia kwenye waya. Theonest akamwonyesha vipande vya bati alivyovipaka: fedha inayong'aa, nyeusi isiyong'aa, dhahabu iliyopigwa vanishi. Anatoli akaviinua kimoja kimoja kwenye mwanga uliobaki. Nyeusi ingeficha uchafu wa breki. Lakini ile fedha...

Akafungua mdomo.

"Usitaje!" Theonest akanong'ona, akimkamata mkono.

Harufu ikaja. Udongo mbichi wa chini sana, kama shimo lililofunguliwa sasa hivi. Na ilikuwa Agosti, mvua haijagusa ardhi tangu Mei. Rimu moja ikaanza kuzunguka kwenye waya wake. Polepole... polepole...

Upepo haukuwapo.

"Hizi nilizipaka miaka miwili iliyopita," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Alizileta Maganga, yule aliyekuwa mbia wa kaka yako. Kaka yako alisimama pale mlangoni. Maganga alipotaja tu rangi, Donatus akavua kofia, akalia. Haikupita wiki, Maganga akafia kwenye usukani. Gari halikuwa na hata mkwaruzo, na rimu zikarudi kwa kaka yako."

Rimu ikasimama.

Kana kwamba inasikiliza.

Anatoli aliondoka bila kuaga. Nyumbani kwake akamkuta Donatus amekaa barazani, chai imepoa mbele yake.

"Shikamoo, kaka."

Donatus hakuitika. "Umechagua rangi gani?"

"Chagua wewe."

Donatus akasukuma kikombe pembeni. "Taja tu, mdogo wangu. Rangi yoyote."

"Maganga alitaja ipi?"

Donatus akasema yote, macho yake sakafuni. Shimo lilikuwa limeacha kutoa. Alikwenda kwa mtu. Ni nani, hakusema. Safari ya kwanza mtu yule aliridhika na rafiki. Safari hii alitaka mtu wa damu ya Donatus mwenyewe.

"Nina wawili tu duniani," Donatus akasema. "Wewe na Bernadina wangu. Ana miaka mitano, Anatoli. Ningefanyaje?"

"Kwa hiyo ulinitaja mimi."

"Nilikutaja."

Anatoli alitaka kumpiga. Mkono haukuinuka. Akamwonyesha njia tu, akajifungia ndani, akakaa chini nyuma ya mlango akilia kama siku ile ya msiba wa baba, ila safari hii hapakuwa na kaka wa kumshika bega.

Kesho yake rimu hazikuwapo karakanani. Theonest aliapa kuwa kufuli halikuguswa. Kwenye sakafu ya saruji palibaki duara nne za tope, bado zimelowa.

Jumapili, baada ya misa, Febronia, mke wa Donatus, akaja na mtoto kusalimia. Alikuwa na furaha. Mumewe amerudi Rwamgasa, alisema, na eti shimo limeanza kutoa tena.

Anatoli akampakata Bernadina. Mtoto akamvuta sikio.

"Baba mdogo," akanong'ona, "baba kaniambia nichague rangi ya magurudumu."

Anatoli akamgeuza wakatazamana.

"Ukamwambiaje, mama?"

Bernadina akatabasamu, akajaa fahari.

"Njano," akasema. "Ile ya kung'aa."