Wiki Yako, Wiki Yangu

Jumanne ile ya maandazi ya krimu, yanayoliwa siku moja kabla ya Kwaresima, duka la mikate la mtaa wa Majorna lilifurika watu mpaka nje barabarani. Kila mtu kashika karatasi yake ya namba, kila mtu kakodolea macho kibao cha ukutani. Joar Hellgren, fundi viatu, alikuwa na namba sabini na nne. Mwenye sabini na tatu alisimama mbele yake: mwanamke wa koti la mvua la manjano, nywele kazibana kwa penseli, na miguuni viatu vya kijani vyenye soli ya mbao. Joar hakuliona koti wala penseli. Aliona jinsi kisigino cha kushoto kilivyolika upande mmoja. Na Joar alikuwa na ugonjwa wake tangu utotoni: akiona jambo asilolielewa, usingizi haumjii.

"Samahani," akasema. "Unabeba nini bega la kushoto?"

Mwanamke akageuka. "Nini?"

"Kisigino chako. Kimelika cha kushoto tu, tena upande wa nje. Hakiliki hivyo bure."

"Kumbe unaanza kumtazama mtu kwa chini! Wenzako huanza na macho."

"Macho sijui kuyatengeneza."

"Mimi najua," akasema yule mwanamke, akaangua kicheko. "Natengeneza miwani. Na wewe unakunja uso kusoma namba iliyo mkononi mwako, maskini. Begani nabeba sanduku la vioo vya kupimia. Nawafuata wazee majumbani, wale wasioweza kutoka."

Jina lake Ylva. Walipokuja kushtuka, namba zao zilikwishaitwa zikapita, ikabidi wachukue nyingine, themanini na nane na themanini na tisa. Hakuna aliyelalamika.

Ikapita miaka miwili. Mapenzi yalikolea, lakini kila mtu na kwake: Joar Majorna, Ylva ng'ambo ya mto, Hisingen. Jumatano kwa huyu, mwisho wa wiki kwa yule, na mswaki wa akiba kila upande. Mara moja tu, wakiosha vyombo, Joar alijikaza akauliza.

"Ylva, vipi tukikaa pamoja?"

"Laazizi, tangu niachane na yule bwana nimezoea kufungua mlango nikakuta kimya. Nakipenda kile kimya. Najiweza mwenyewe."

"Sawa," akasema Joar, akaendelea kufuta sahani ambayo ilikwishakauka zamani.

Haikuwa sawa hata kidogo. Lakini hakuuliza tena. Watu wa huku, ukiwaambia hapana mara moja, imetosha. Kuonekana msumbufu kwao ni aibu kubwa kuliko kuonekana mwizi. Joar akalimeza neno lake, likamkaa kifuani.

Halafu akaja Tage.

Tage alikuwa kijibwa wa wiki tisa, wa ile jamii ya mwili mrefu na miguu mifupi, tena wale wadogo kabisa. Urefu wake kiatu cha mtu mzima, uzito wake kilo moja na nusu, masikio yamemzidi. Walimpata mji wa Alingsås kwa mfugaji mmoja wa mbwa, Gunvor, mwanamke wa miaka sabini asiyejua mzaha.

"Mnaishi pamoja?" Gunvor aliuliza.

"Ndiyo," wakajibu wote wawili kwa mpigo, nyuso zikawaiva.

"Vizuri. Mbwa mdogo namna hii ana kibofu kidogo na kichwa kigumu. Ukimpa nyumba mbili hatajua choo kiko wapi mpaka azeeke. Nikisikia ana nyumba mbili nakuja kumchukua. Imeandikwa kwenye mkataba, na sahihi zenu zipo."

Ndani ya gari, Ylva kampakata Tage, Joar akamwuliza, "Kwa nini umedanganya?"

"Wewe je?"

Wakacheka njia nzima. Kisha wakafanya wanavyofanya wazazi walioachana: wiki yako, wiki yangu. Kila Jumapili saa kumi na moja jioni, mkoba wa Tage ukavuka mto, blanketi, chakula na panya wake wa kitambaa, na Tage mwenyewe juu yake.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza. Joar alitega saa iamshe saa tano usiku, saa saba na nusu na saa kumi alfajiri. Ikilia, anamkwapua Tage kikapuni, anashuka naye mbio ghorofa tatu kamkumbatia, kwa sababu ukimwacha atembee mwenyewe anamalizia kwenye ngazi. Nje mvua. Tage ananusa jani. Anatazama jani jingine. Anakaa kitako, anamtazama Joar kwa huruma, yaani anasubiri Joar amalize haja yake warudi zao ndani.

"Haya, fanya basi, mtoto mzuri. Kidogo tu. Tone moja."

Robo saa inapita. Wanapanda juu. Mlango ukifungwa tu nyuma yao, Tage anachuchumaa kwenye zulia la kufutia miguu, anafumba macho, anapiga dimbwi la nguvu, kisha anatikisa mkia apongezwe. Joar anapiga magoti na tambara na chupa ya siki. Nyumba nzima ikanuka achari.

Asubuhi simu inalia.

"Habari ya usiku, mpenzi?" Ylva anauliza.

"Usiulize. Mara tatu, na moja ndani ya kiatu cha mteja."

"Pole jamani! Huku wiki iliyopita alikuwa mkavu."

"Mkavu usiku kucha?"

"Kucha."

"Unafanyaje?"

"Hata sijui. Labda anapenda hewa ya huku."

Hewa! Joar akashinda siku nzima anapiga misumari huku anawaza. Mbwa ni yuleyule, chakula kilekile, mvua ileile. Kwa nini kule mkavu? Akajaribu kila kitu. Alimpa maji mapema, akamnyima zulia, akanunua taa ya kujifunga kichwani. Jumapili moja alichimba kipande cha nyasi uani kwa Ylva, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akavuka nacho mto na kukitandika karibu na mlango wake. Tage alikipenda sana. Alilala juu yake, akaamka, akaenda kukojoa jikoni.

"Umenichimbia ua?" Ylva akauliza kwenye simu. "Wewe mwanamume una wazimu."

"Nataka kujua siri yako."

"Sina siri, kipenzi," akasema Ylva, lakini sauti ilikuwa nyembamba, na alikata simu upesi.

Usiku wa Alhamisi, wiki ya Ylva, Joar aliamka mwenyewe saa tisa na nusu. Mwili ulishazoea. Akalala chali anasikiliza nyumba isiyo na kucha zinazokwaruza sakafu. Mwishowe akapiga simu, akitegemea ilie weee bila kupokelewa, ajue tu kwamba Ylva yuko usingizini.

Ikapokelewa kwa mlio wa kwanza.

"Joar? Kuna nini?"

"Hakuna. Mbona uko macho?"

"Nimeamka sasa hivi. Niko kitandani."

Nyuma yake upepo ulivuma kwenye simu, na shakwe wakazozana juu kabisa. Kisha mlango mzito wa chuma ukajibamiza. Kitandani kwa Ylva hakuna mlango wa chuma.

"Uko na nani?"

"Joar, lala." Simu ikakatika.

Hakulala. Ijumaa alishona soli mbili kinyumenyume. Ylva alikuwa nje, saa tisa na nusu, na amemdanganya. Au kuna bwana anayemsaidia? Pengine yule wa zamani karudi, anajua kuwalea mbwa, na ndiyo sababu nyumba kavu. Wivu ulimpanda, na udadisi ukaupita wivu. Saa tisa usiku akavaa koti lake la sufu, akapanda baiskeli, akavuka daraja upepo ukimpiga mbavuni.

Giza lilikuwa linaanza kufifia alipoingia uani kwa Ylva, maana huku msimu huu kunakucha mapema. Akamwona. Kakaa ukingoni mwa sanduku la mchanga la watoto kuchezea, lile koti la manjano juu ya gauni la kulalia, mabuti ya mvua miguuni, nywele timutimu. Hakuna bwana yeyote. Kwenye ncha ya kamba Tage alikuwa anatazama jani. Kando ya Ylva palikuwa na rundo la taulo mbichi, na chupa ya siki.

"Kojoa, baba," alikuwa anamwambia, sauti imemkauka. "Mara moja tu hapa nje, ili asubuhi nimwambie Joar neno moja la kweli."

Joar aliiachia baiskeli ikaanguka. Ylva akaruka.

"Mungu wangu! Umenitoa roho!"

"Mkavu, ee?" Joar akasema. "Usiku kucha?"

Ylva akafunika uso kwa mikono. "Mara nne. Kila usiku mara nne. Zulia nimelitupa."

"Kwa nini ulinidanganya? Mimi nimechimba nyasi, Ylva! Nimejiona mjinga majuma matano!"

"Kwa sababu nilikwambia najiweza!" Sauti ikampanda, akaishusha akitazama madirisha. "Ulipoomba tukae pamoja nikajifanya chuma. Halafu kilo moja na nusu ya mbwa inanishinda. Ningekuambiaje?"

"Ungeniambia hivyohivyo."

"Lipo jingine." Akavuta pumzi. "Gunvor alipiga simu dukani kwangu Jumatatu ya wiki iliyopita, anauliza Tage yuko wapi. Nilikuwa bado na uchovu wa wiki yangu. Ikaniponyoka kwamba wiki hii yuko kwa Joar. Anakuja Jumapili. Nyumba moja, au anamchukua."

Joar akahesabu siku kwa vidole. Jumapili ilikuwa kesho. "Umelijua hilo siku kumi na mbili, ukanyamaza? Ulitaka nije kuchukua mkoba Jumapili nikute kikapu kitupu?"

"Nilitaka..."

"Huyu ni mbwa wangu pia! Na mimi je, mimi ni nani kwako? Mtu wa kubadilishana naye mkoba?"

Alikuwa na hasira kweli sasa, ile hasira ya mtu mpole ambayo haina mazoezi, na mikono haikujua pa kwenda. Akaokota baiskeli yake. Ylva akashika usukani.

"Nisikilize. Njia ya kumbakiza ni moja, nawe unaijua. Ningekuambia siku ileile, ungesema sawa, tuhamie pamoja. Ungehamia kwa ajili ya mbwa. Na maisha yako yote ungejiuliza, maana nakujua wewe kwa kujiuliza, kama nilikutaka wewe au nilitaka mtu wa kushika zamu ya saa kumi."

Joar alijijua. Angejiuliza, tena kila siku.

"Basi nimeamua," Ylva akaendelea, machozi yakimtoka bila kuyafuta. "Jumapili Gunvor amchukue. Jumatatu nitakuwa sina mbwa, sina sababu yoyote ya kukuhitaji. Jumatatu ndiyo nitakuja dukani kwako, nikuombe."

"Uniombe nini?"

"Jumatatu nitakwambia."

Joar alimtazama yule mwanamke. "Yaani umtoe mtoto ili uniombe kwa heshima?"

"Usinicheke."

"Sikucheki, mpenzi. Nimekosa la kufanya tu."

Akaacha baiskeli ilale chini. Akainama, akamfungua Tage kamba, akamnyanyua kwa kiganja kimoja. Akamtia ndani ya koti la sufu, juu ya shati, akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni. Kifuani kukawa na uvimbe unaotapatapa, kisha ukatulia.

"Hayupo," akasema. "Hakuna mbwa hapa. Leo ni Jumatatu. Niombe."

"Joar, watu wamelala."

"Niombe polepole."

Ylva akajifuta pua kwa mkono wa koti. Akasimama wima katika mabuti yake. Joar hakuwahi kumwona mzuri namna ile.

"Ile nyumba yangu," akaanza. "Kile kimya changu. Sikipendi tena. Wiki Tage akiwa kwako nafungua mlango, nasema moyoni namtafuta mbwa. Ni uongo. Nakutafuta wewe. Nasimama hapo mlangoni na funguo mkononi, nakasirika kwa nini hukohoi huko ndani, kwa nini buti zako hazipo katikati ya njia. Nilikwambia najiweza. Najiweza, Joar, hilo ni kweli. Lakini sitaki."

Hapo ndipo Joar aliposikia joto. Lilianzia chini ya kifua, likatambaa tumboni, likaupita mkanda, likashuka na mguu wa kulia bila haraka mpaka kwenye kiatu. Tage, aliyeyakataa majani yote ya Hisingen, alikuwa amepata mahali anapopapenda. Joar hakusogea hata kidole. Miaka miwili maneno haya yalikuwa njiani, hakuwa tayari kuyakatiza kwa kibofu cha mtu.

"Njoo tukae pamoja," Ylva akasema. "Kwangu au kwako, popote. Nakuomba."

"Ndiyo," akasema Joar.

"Mbona unatetemeka? Umelia?"

"Hapana."

"Umelowa! Joar, umelowa mpaka chini!"

"Mwache," akasema Joar, akamvuta kwa mkono ulio mkavu. "Rudia kwanza pale, uliposimama mlangoni na funguo."